Gari la Manuali au Otomatiki: Familia Ichague Lipi?

Tangu magari yaliyotumika Japani yaanze kuingia nchini mwetu kwa wingi, ubishi mmoja haujaisha. Utausikia majumbani, utausikia karakana, na utausikia hata nje ya kanisa watu wakisalimiana baada ya ibada. Je, gari zuri ni lile la kubadili gia kwa mkono, au ni lile linalobadili lenyewe? Wengine husema otomatiki ni gari la wanawake na wavivu. Wengine hujibu kwamba manuali ni mateso ya bure, hasa katika foleni za mjini. Katika mabishano hayo akina mama hatuulizwi sana. Huambiwa tu, "Wewe mama, chukua otomatiki, klachi hutaiweza."

Sisi si mafundi wa magari. Lakini kwa kazi yetu ya uuguzi, na kwa kuzunguka na kikundi cha akina mama kutembelea wagonjwa, tumepanda na kuendesha magari ya aina zote mbili, kwenye lami na kwenye tope. Tumeona pia majeruhi wanaoletwa kutoka barabarani. Kwa hiyo tunaomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, bila ushabiki. Gari ni mali kubwa katika nyumba, na hubeba watoto wetu.

TOFAUTI YAKE NI NINI?

Injini ya gari huzunguka kwa kasi, na haiwezi kuunganishwa na magurudumu moja kwa moja wakati gari limesimama, ingezimika. Katika gari la manuali, kazi ya kuunganisha na kutenganisha hufanywa na klachi, ambayo dereva huikanyaga kwa mguu wa kushoto. Akiikanyaga, injini hutengana na giaboksi. Ndipo abadili gia kwa mkono, kisha auachie mguu taratibu. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto mwa barabara na usukani uko kulia, mkono wa kushoto ndio unaobadili gia. Hivyo upande wote wa kushoto wa mwili una kazi.

Katika otomatiki hakuna pedali ya klachi. Katika magari mengi ya aina hii, nguvu ya injini hupitia kwenye mafuta maalumu yanayozungushwa ndani ya chombo kilicho kati ya injini na giaboksi, na giaboksi huchagua gia yenyewe. Yapo pia magari ambayo hayana gia za hatua kwa hatua, bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Aina hiyo huitwa CVT, na imo katika magari mengi madogo ya Kijapani yaliyoko mitaani kwetu. Kwa dereva yote ni mamoja: ana pedali mbili tu, breki na mafuta, na zote ni za mguu wa kulia.

JE, NI GARI LA WANAWAKE?

Otomatiki haikubuniwa kwa ajili ya wanawake. Zamani kubadili gia kulikuwa kazi ngumu kwa kila mtu. Kabla ya kampuni ya Cadillac kuleta giaboksi yenye kulinganisha mwendo wa gia mwaka 1928, dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, la sivyo meno yalisaga na kupiga kelele. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, ikauzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Wamarekani, wanaume kwa wanawake, waliipenda, na hadi leo wengi wao hawajui klachi. Huko Japani, mwaka 1991 serikali ilianzisha leseni ya watu wanaojifunza otomatiki peke yake. Magari yanayotufikia kutoka huko mengi ni ya otomatiki kwa sababu Wajapani wenyewe ndiyo waliyokuwa wakiyaendesha, baba, mama na babu.

Kwa hiyo, dada mpendwa, mtu akikucheka kwa kuendesha otomatiki, usione haya. Na mtu akikuambia klachi ni ya wanaume, usiamini. Klachi haihitaji misuli, inahitaji mazoezi. Tunawajua akina mama wanaoendesha malori, na tunawajua wanaume wenye nguvu ambao hulizimisha gari mara tatu kwenye taa moja.

MWILI NAO UNA NENO LAKE

Hapa tunazungumza kama wauguzi. Katika foleni ndefu ya Barabara ya Mandela au ya Morogoro pale Dar es Salaam, dereva wa manuali hukanyaga klachi mamia ya mara kabla hajafika kazini. Kwa kijana si kitu. Lakini kwa mama mwenye goti lililolika, goti linalouma akipanda ngazi na kukaza asubuhi, mwendo huo wa kukunja na kukunjua ni maumivu kila siku. Hali kadhalika mwenye bega la kushoto lililoganda, au mgongo unaochoma hadi mguuni. Watu hawa otomatiki kwao si anasa, ni nafuu.

Mwenye ulemavu wa mguu wa kushoto, labda kwa polio ya utotoni, anaweza kuendesha otomatiki bila gari kufanyiwa mabadiliko, maadamu mguu wa kulia ni mzima. Tumeona mtu aliyekuwa akibebwa kila mahali akianza kuwabeba wenzake. Lakini ikiwa ni mguu wa kulia wenye tatizo, au mtu amewahi kupata kiharusi, asijiamulie mwenyewe. Amwone daktari kwanza.

Mama mjamzito anaweza kuendesha aina yoyote ikiwa hana matatizo na tumbo halijabana usukani. Jambo muhimu kwake si gia, bali ni mkanda. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Kipande cha juu kipite kati ya matiti. Mkanda usipite katikati ya tumbo kamwe. Na aliyejifungua kwa upasuaji asishike usukani mpaka aweze kukanyaga breki kwa nguvu na kwa ghafla bila kusita kwa maumivu. Kwa wengi hilo huchukua yapata wiki 6. Aulize kliniki. Asidhani kwamba kwa kuwa gari halina klachi basi anaweza kuendesha wiki ya pili, kwa maana breki ya ghafla hukaza tumbo hata katika otomatiki.

MFUKO NAO

Zamani otomatiki ilijulikana kwa kunywa mafuta, na ilikuwa kweli, kwa kuwa nguvu nyingine ilipotea katika kule kuzungusha mafuta ya giaboksi. Magari ya miaka ya karibuni yamerekebishwa, na tofauti imepungua sana. Mengine hata hayazidiwi na manuali. Usichague kwa hoja hiyo ya zamani peke yake.

Hoja yenye uzito zaidi ni matengenezo. Klachi huisha kama soli ya kiatu, hasa kwa dereva mwenye tabia ya kuegesha mguu juu ya pedali. Lakini ikiisha, fundi wa mji mdogo huweza kuibadilisha. Giaboksi ya otomatiki hudumu miaka mingi ikitunzwa, ila ikiharibika mafundi wanaoimudu ni wachache na gharama ni kubwa.

Kinachoziua nyingi ni mafuta. Wengi hudhani mafuta ya giaboksi ni yale yale mekundu wanayoyaita haidroliki. Sivyo. Giaboksi ya CVT ina mafuta yake, na ukiiwekea ya otomatiki ya kawaida utaiharibu. Kabla fundi hajamimina, soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye kijiti cha kupimia. Gari likiwa na kitabu cha Kijapani, tafuta anayeweza kukusomea. Ni gharama ndogo kuliko giaboksi.

Jambo jingine ni kuzimikiwa njiani. Gari la manuali lenye betri dhaifu watu watalisukuma. Dereva atafungua swichi, ataweka gia namba mbili huku amekanyaga klachi, likishika kasi ataachia, nalo litawaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Huna budi kuchukua umeme kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine. Wala usikubali livutwe kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayosukumwa na injini yakizunguka barabarani, maana injini ikiwa imezima giaboksi haipati mafuta ya kutosha nayo huungua. Libebwe, au magurudumu hayo yainuliwe.

KWENYE MTEREMKO

Ndugu msomaji, hili ndilo tungependa ulishike kuliko yote. Wapo madereva wa otomatiki ambao hawajawahi kuigusa herufi nyingine zaidi ya P, R, N na D. Mjini inatosha. Lakini peleka gari hilo Kitonga kule Iringa, au Sekenke kule Singida, au barabara ya Mombo hadi Lushoto iliyojaa kona, ukiwa na watoto watano na magunia ya viazi. Katika D gari litakimbia, nawe utashuka mlima mzima ukiwa umekanyaga breki. Breki hupata moto, utasikia harufu ya kuungua, pedali italegea na kuzama, na nguvu ya kusimamisha gari itatoweka. Hapo hakuna otomatiki wala manuali. Ni kuomba Mungu tu.

Dereva wa manuali aliyefundishwa vizuri anajua dawa yake, nayo ni gia ndogo. Kabla mteremko haujaanza hupunguza mwendo na kuingiza gia namba mbili au tatu, injini ikawa ndiyo inayolizuia gari, na breki ikabaki ya kusaidia tu. Wazee walifundisha hivi: shuka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia.

Otomatiki nayo ina dawa hiyo hiyo, ila imeandikwa kwa herufi. Tazama karibu na mkono wa gia. Utaona 2 na L, au S na B, au alama ya kujumlisha na ya kutoa. Namba 2 na L hulizuia gari lisipande gia kubwa. B katika magari mengi ya Toyota ni ya kutumia injini kama breki. Mengine yana kitufe cha kuondoa gia ya juu. Punguza mwendo kwanza, kisha shusha gia, na uanze kuteremka. Jifunze kitufe cha gari lako leo, likiwa limesimama uani, si siku ya mlima.

Na wale wanaoweka gari fri ili kuokoa mafuta wakiteremka, tunawasihi waache. Magari ya sasa yenye kompyuta hukata mafuta kwenye injini yanapoteremka yakiwa katika gia bila kukanyaga pedali ya mafuta. Kwa hiyo hakuna unachookoa, bali unajinyima msaada wa injini. Anayezima kabisa anafanya vibaya zaidi, kwa maana usukani na breki vyote huwa vizito.

MTOTO GARINI

Otomatiki ina hatari moja ambayo mzazi lazima aijue. Likiwa limewashwa na liko katika D, hutembea lenyewe ukiondoa mguu kwenye breki. Mama anashuka kufungua geti huku injini inaunguruma na mtoto yuko kiti cha mbele. Mtoto anaushika mkono wa gia. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja. Weka P, vuta hendibreki, zima, ondoka na ufunguo. Kwenye manuali nako usiliache gari limeegeshwa mlimani bila hendibreki na gia.

Jingine ni kukosea pedali. Hutokea zaidi wakati wa kuegesha: dereva anataka breki, anakanyaga mafuta, na gari linaruka ukutani au juu ya mtu. Tumia mguu mmoja tu, wa kulia, kwa pedali zote mbili. Wa kushoto upumzike. Vaa kiatu kinachoshika mguu. Kandambili na viatu vya visigino virefu viwekwe nyuma ya gari, si chini ya miguu.

KWA NINI UJIFUNZE KLACHI HATA HIVYO

Tumesema otomatiki si aibu. Lakini tuna sababu ya kumsihi kila mama na kila binti ajifunze manuali, hata kama gari la nyumbani kwake halina klachi.

Katika zahanati moja ya kijijini tulipokuwa tukisaidia, mama mmoja alijifungua salama jioni, kisha akaanza kuvuja damu nyingi. Tulimpa dawa tuliyokuwa nayo, tukamwekea maji ya mshipa, tukakanda tumbo. Alihitaji hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Jirani alikuwa na pikapu yenye mafuta tele, naye mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa, hawezi kuinuka. Binti yake alikuwa na leseni na alikuwa akiendesha gari kila siku mjini. Akaja mbio, akaingia, akatazama chini, akasema, "Hii ina klachi. Siiwezi." Alijaribu, gari likaruka na kuzima, likaruka na kuzima. Mmoja wetu angeweza kuiendesha, lakini tungemwacha nani na mgonjwa? Mwishowe alipatikana kijana wa mashine ya kusaga, upande wa pili wa kijiji. Mama yule alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini ile nusu saa haikuwa ya kupotea, kwa maana anayevuja damu baada ya kuzaa hahesabiwi kwa saa bali kwa dakika.

Hatumlaumu binti yule. Alifundishwa alichofundishwa. Lakini nje ya miji, magari yaliyo karibu siku ya shida ni pikapu, Land Cruiser na malori madogo, na mengi ya hayo yana klachi. Anayejua manuali, otomatiki ataizoea kwa siku moja. Anayejua otomatiki pekee hawezi kuizoea manuali usiku, mbele ya mgonjwa. Uingereza, aliyefanya mtihani kwa otomatiki leseni yake haimruhusu kuendesha manuali. Wameona kwamba ni ujuzi mwingine. Basi unapomlipia mwanao ada ya udereva, iwe VETA, Chuo cha Usafirishaji au shule ya mtaani, sema tangu mwanzo: "Afundishwe kwenye klachi."

TULICHOAMUA KIKUNDINI

Kikundi chetu cha akina mama kilipopata fedha za kununua gari lililotumika, tulishauriwa na wengi tuchukue otomatiki "kwa kuwa ninyi ni wanawake." Tuliketi, tukaandika maswali matatu ubaoni. Gari litapita wapi? Vijiji vya milimani, barabara za udongo. Nani ataendesha? Wanne wetu, wawili wakiwa na magoti mabovu. Fundi yuko wapi? Senta, na hajui otomatiki. Majibu mawili yalielekea manuali, moja otomatiki. Tukanunua manuali, tukawapeleka wenzetu wengine watatu kujifunza, na wale wenye magoti tukawapangia safari fupi. Kama tungekuwa mjini, tungeamua vingine. Maswali yangekuwa yale yale.

KABLA HUJATOA FEDHA

1. Washa gari likiwa la baridi. Otomatiki: kanyaga breki, weka D, kisha R. Liitikie mara moja, bila kuchelewa na bila kugonga.

2. Vuta kijiti cha mafuta ya giaboksi kama kipo. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, ondoka.

3. Manuali: panda nalo mlima. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Gia zikisaga, uliza bei ya matengenezo kwanza.

4. Uliza mafundi wawili wa karibu kama wanaijua giaboksi hiyo na spea zinapatikana wapi.

5. Kila atakayeliendesha akae kwenye kiti na akanyage pedali zote hadi mwisho. Goti likiuma leo, mwakani litauma zaidi.

6. Mwulize muuzaji akuonyeshe namna ya kushusha gia kwenye mteremko. Asipojua, jifunze kwa mwingine kabla ya safari ya kwanza.

Kesho huenda ubishi huu ukaisha wenyewe, kwa kuwa magari ya umeme kwa kawaida hayana klachi wala gia za kubadili. Lakini magari tuliyo nayo leo yatakuwa nasi miaka mingi, na milima haitahama. Chagua gari kwa njia unayopita, kwa mwili ulio nao na kwa mfuko wako, wala si kwa maneno ya watu. Kisha Jumamosi hii mwombe mwenye pikapu mtaani kwenu akupeleke kwenye uwanja ulio wazi, uanze na gia namba moja.